Mwanamke Uliyemuuguza

Shangazi yangu Mwanaisha,

Shikamoo. Leo hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kuandika, na sina mwingine wa kumwambia haya.

Naogopa, shangazi. Tangu tulipokuzika, kila alfajiri kabla ya kutia udhu naikagua mikono yangu, nione kama imetoka vipele.

Lile banda la wapagazi nyuma ya msikiti bado limejaa. Misafara inashuka kutoka bara, inauza pembe, inarudi, na wagonjwa wanaachwa pale kama majamvi makuukuu. Ulipokuwapo tulibeba uji pamoja. Mimi nikisimama mlangoni na kata, wewe ukiingia ndani hadi kwa wenye ndui. Nilikusihi usiingie. Ukanijibu, "Mgeni wa Mungu hapewi chakula kwa kutupiwa." Ukaingia, na ndui ikarudi nawe nyumbani.

Nisamehe. Baada ya matanga sikwenda tena. Wapagazi walipita barazani wakiomba, nikajifanya sisikii.

Kisha akaja Kalunde, yule Mnyamwezi uliyemuuguza mpaka akapona. Uso wake umejaa makovu, na msafara wake umeshaondoka. Hana kwao hapa. Alikuja kuhani msiba wako. Nami nikamwambia, "Wewe ndiye uliyemuua. Ondoka." Aliinuka akaenda zake, nikaosha pale alipokaa.

Siku ya tatu nikashikwa na homa. Kaka Omari aliponiona aliwachukua wanawe akaenda nao shambani Zinga. Simlaumu. Majirani wakafunga madirisha. Nikalala peke yangu nikiitazama ngozi yangu, nikisoma shahada kila nilipohisi mwasho.

Adhuhuri mlango ukafunguliwa. Alikuwa Kalunde, na mtungi wa maji kichwani. Nilitaka kumfukuza, sauti haikutoka.

"Usiogope," akasema. "Ndui imeshanipitia, hainirudii. Mimi naweza kukugusa."

Alininywesha, akanifulia, akakaa nami siku nne. Vipele havikutoka. Ilikuwa homa ya mvua tu.

Nilipoweza kukaa nikamwomba radhi. Akanieleza kwamba ulipokuwa ukimlisha, mkono wako ulitetemeka hata uji ukammwagikia kifuani. Shangazi, mimi sikujua. Siku zote nilidhani wewe huogopi. Mbona hukuniambia?

Sasa Kalunde analala chumbani mwako. Omari amerudi, amenuna, hasemi naye. Mimi nimevuka kizingiti cha banda mara mbili. Mara ya kwanza mzee mmoja alikata roho nimemshika kichwa, hata jina lake sikulijua. Nikatoka nje nikatapika kwa hofu. Mara ya pili kijana mmoja, aliyekuwa hawezi kuinua shingo, alisimama akaomba kata nyingine ya uji. Nilicheka pale pale, kicheko kikageuka kilio, na wao wakanitazama wasijue la kufanya.

Leo asubuhi wameletwa wengine watatu. Mmoja ana vipele.

Pumzika, shangazi yangu. Mungu akupanulie kaburi lako na alitie nuru. Siwezi kukuahidi kwamba sitaogopa. Nakuahidi kwamba nikishaikunja karatasi hii, nitachukua kata na kuingia.

Mwanao,
Mwanahawa