Kibanda Kile Alikijenga Nani

Ngonga,
S.L.P. Kyela.
2 Mei 1995

Mpendwa kaka Andongwisye,

Mughonile, kaka, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Mufulira, wewe na wifi na watoto. Kifua kinaendeleaje? Mara ya mwisho uliandika kwamba wamekuhamishia kazi za juu, nikamshukuru Mungu, maana shimoni si mahali pa mtu mwenye kikohozi. Na je, ni kweli mgodi unapunguza watu? Usinifiche.

Huku mvua imetupiga mpaka tumechoka. Njia ya Mwaya imekatika, ila mpunga umependeza kuliko mwaka jana, na kakao imezaa. Mwanangu Anyosisye amekuwa mrefu kunizidi, na siku ya Pentekoste atapata kipaimara. Ule mgomba uliopanda nyuma ya jiko bado tunakula ndizi zake.

Hayo ndiyo mazuri. Sasa acha nikueleze lililonipata, maana najua limekwisha kufika huko likiwa limepindwapindwa.

Kaka, nilitengwa na kanisa.

Tangu ushirika uache kununua mpunga na hawa wanunuzi wa magari kuja na bei zao, ada ya Anyosisye ilitushinda. Nikaanza kupika kimpumu, pombe yetu ya ulezi, na kuuza. Wazo lilikuwa la mume wangu Wilson. Mianzi alikata yeye, kibanda cha wanywaji akajenga yeye, mabenchi akapigilia misumari yeye, na jioni alikaa mlangoni akitaniana na wateja. Mimi kazi yangu ilikuwa ulezi na chungu. Najua kanisa letu linakataza pombe, sikujidanganya. Wazee walipoleta onyo nilimwaga yote iliyobaki, mitungi nikaiosha, leo inakaa maji.

Lakini kumwaga hakutoshi, lazima utubu mbele ya baraza la wazee. Na unajua mwenyekiti wa baraza ni nani. Ni baba mkwe. Miaka yote niliyokaa katika ua ule sijawahi kumtazama usoni. Akija njiani nazama migombani mpaka apite. Jina lake halijatoka kinywani mwangu tangu niolewe, na kanisani nakaa nyuma ya nguzo nisimwone. Mama mkwe alinifundisha hivyo, na wewe na marehemu baba mkakazia. Sasa mtu huyohuyo ndiye nikasimame mbele ya meza yake nimsimulie pombe yangu?

Nikamtuma Wilson. Nilimwomba aseme kwamba mkewe ametubu, na kama wanataka kunisikia wenyewe, wamtume mama mmoja aje anisikilize, au niseme nikiwa nje ya dirisha. Niliitwa mara tatu, na mara zote alikwenda yeye. Kila akirudi alivua viatu taratibu na kuniambia, "Nimewaeleza, mama Anyosisye. Wameelewa. Tulia."

Nikatulia. Jumapili moja mwezi wa pili, nimekaa nyuma ya nguzo na sare yangu ya kwaya, nikasikia jina langu likisomwa. Tusajigwe ameitwa mara tatu, amekaidi, hataki kutubu. Anawekwa chini ya marudi. Asikaribie Meza ya Bwana, asiimbe kwaya, na Wakristo wasile naye. Nilimtafuta Wilson upande wa wanaume. Alikuwa amefungua kitabu cha nyimbo anasoma, na wala hakukuwa na wimbo.

Aliyenieleza ukweli ni mama Angetile, yule shemasi. Alikuwepo barazani. Wilson aliulizwa kama ana neno lolote kutoka kwa mkewe, akasema hana. Mara ya pili akasema hana. Mara ya tatu akatikisa kichwa. Aliogopa wakianza kuuliza habari za pombe watafika kwenye kibanda, na mwakani jina lake linapelekwa kwenye uchaguzi wa wazee wa kanisa.

Nilipombana hakukana. Alisema tu, "Wewe ukitengwa utarudishwa. Mimi nikichafuka, mzee atakufa kwa aibu." Kaka, mtu huyu nimezaa naye. Nilimuuguza homa ya manjano mpaka macho yakarudi kuwa meupe. Sikujua kwamba naweza kulala kitanda kimoja na mtu aliyekwisha kunitosa. Iliniuma, na inaniuma sasa ninapoandika.

Wanawake niliopanda nao mpunga wakawa wananipita kisimani. Msibani kwa Eliya nilipakuliwa sahani ya peke yangu, nikala nimeelekea ukuta. Aliyekula nami ni Habiba, mke wa Ridhwani mwenye duka Bondeni. Nilikwenda kununua chumvi, akanivuta ndani, akaweka sinia ya wali katikati yetu, hakuuliza kitu. Nililia juu ya wali wa watu.

Mwisho nilichoka. Jumapili iliyofuata Pasaka, mchungaji alipouliza kama kuna mwenye kutubu, nilitoka nyuma ya nguzo nikaenda mpaka mbele. Benchi la wazee linatazama waumini, unalijua. Baba mkwe alikuwa katikati. Nilimtazama, naye akavuta koti akajifunika uso. Nikasema nilipika, niliuza, nimeacha, naomba msamaha. Mchungaji akaniuliza kama nilifanya peke yangu. Nikageuka kumtazama Wilson, nikamngoja. Akainama kufunga kamba za viatu. Basi nikamjibu mchungaji, "Mwenye mdomo atasema mwenyewe." Wakaniombea nikarudishwa kundini.

Nilidhani yameisha. Kufika nyumbani nikakuta mama mkwe amekwisha kutoa vyombo vyangu jikoni kwake. "Kanisa limekusamehe la kanisa," alisema. "Umemkodolea macho mkwe wako mbele ya watu wote. La hapa nani akusamehe?" Tangu siku hiyo nikipeleka chakula kinarudi kilivyo. Wanawake wa kanisa sasa wanakula nami, ukoo wa mume wangu hauli. Na Wilson anakula kwa mama yake.

Wametoa neno kwamba wanaume wa kwetu walete ng'ombe wa kuomba radhi kabla ya Pentekoste. La sivyo nirudi kwetu na Anyosisye abaki kwao. Kipaimara chake atasimama bila mimi.

Njoo, kaka. Lakini usije na ng'ombe, na usiniombee radhi. Pombe yangu nimeitubu, toba nyingine sina. Nataka uketi nao wote, umuulize Wilson mbele ya baba yake kibanda kile alikijenga nani. Ukishauliza unyamaze, hata ikiwa mpaka jioni, na usikubali mtu mwingine amjibie.

Barua hii anaichukua Ridhwani, anafuata bidhaa Tunduma, ataiposti ng'ambo ya mpaka, hukohuko Zambia, ifike upesi.

Nisalimie wifi na watoto, na Lazaro mwambie shangazi yake amepokea picha. Mama anakusalimu sana, mguu wake umepata nafuu. Habiba naye, ingawa hakujui, anakusalimu. Mzee Zebedayo hajanipa salamu za kukupa. Umeona, nimeliandika jina la baba mkwe, na mkono haujakauka.

Mungu akulinde shimoni na juu ya shimo, akufikishe salama. Ndaga fijo, asante sana, kaka.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Tusajigwe