Mnofu kwa Wageni, Mchuzi Kwetu

Mama, mama wa mume wangu,

Shikamoo. Najua huko uliko mambo ya damu na maabara hayakuhusu tena, lakini nimwambie nani? Mwanao nimeshamsimulia mara tatu tangu tushuke kwenye gari, amechoka. Leo nimetoka hospitali Mbinga mjini na majibu yangu ni mazuri. Nimefurahi hadi nimesahau mwavuli kwenye benchi, na wala sijali.

Ngoja nianze mwanzo, maana hukuwepo. Msimu wa kupanda maharage niliteleza kwenye kizingiti cha mlango. Ingekuwa kule shambani mlimani, kwenye mashimo ya ngoro, na mzigo kichwani, watu wangeelewa. Nilikuwa mlangoni, mikono mitupu. Nikajikinga kwa mkono, na kifundo cha mkono kikavunjika. Mwanao alidhani natania.

Daktari aliyenifunga plasta ni binti mdogo, pengine hajafikia umri wa kitinda mimba wangu. Alinipa shikamoo, akanifunga, nikadhani tumemaliza. Akasema, "Bibi, kuanguka huku ni kudogo mno kuvunja mfupa. Naomba tupime damu." Niliporudi akanieleza kwamba kwenye damu kuna protini inaitwa albumini, na yangu imeshuka. Figo na ini alikuwa ameshavipima, havikuwa na shida. Akasema kwa watu wa umri wangu, protini hiyo ikiwa chini, hatari ya kuvunjika mifupa huongezeka, hasa nyonga.

Alipotaja nyonga, mama, nilikuona wewe na nyonga yako iliyovunjika. Nilikuona kwenye kile kitanda cha chumba cha ndani, miezi kumi na moja. Mimi ndiye niliyekugeuza na kukupaka mafuta mgongoni usipate vidonda, na wewe, uliyechimba ngoro kutushinda sote, ukawa unaniomba radhi kila ukitaka kujisaidia. "Nisamehe, mwanangu." Nilikuwa nakukatalia kwa ukali ili usione ninalia. Basi nakwambia ukweli: niliogopa. Kufa sikukuogopa. Niliogopa kugeuzwa.

Ndipo daktari akauliza huwa nakula nini. Nikamjibu kwa majivuno yote uliyonifundisha.

Unakumbuka juma langu la kwanza kwako Mpepai? Wewe mtoto wa Lituhi, uliyekulia kwenye samaki, uliagiza mbasa kutoka ziwani kunipokea. Nikasema moyoni, leo nitakula. Ukapakua minofu kwa baba mkwe, kwa mwanao, kwa katekista aliyepita kusalimia, mimi na wewe tukabaki jikoni na sufuria. Ukaona nilivyonuna. "Usinune, binti," ukaniambia. "Samaki akichemka sana nguvu zake zote huhamia kwenye mchuzi. Wale wanatafuna makapi." Tukacheka, na tangu siku ile tukawa tunakunywa mchuzi wetu na kuwaona wanaume wajinga. Hata kwa kuku wa Krismasi utaratibu ulikuwa huo huo.

Nilimweleza daktari siri yetu. Hakucheka, namshukuru. Alisema tu, "Bibi, mchuzi ni mtamu, lakini protini nyingi hubaki kwenye mnofu. Chakula mmewapa wengine, ninyi mmekunywa maji yake." Miaka thelathini na minane, mama.

Nilimuuliza na habari zako. Akasema hawezi kujua, hukupimwa, na mifupa ya wazee huvunjika kwa sababu nyingi. Kwa siku kadhaa nilikukasirikia hata hivyo. Halafu nikakumbuka kwamba hukuwahi hata mara moja kunipa mchuzi huku wewe umejifichia mnofu. Tulidanganyika pamoja, na hasira ikaisha.

Basi nimekula. Mayai, dagaa wa ziwani wale usipa, maharage yenyewe. Mwanzoni niliona aibu, kama nawaibia watu. Mwanao, unamjua asivyo na maneno, siku moja alitoa kipande kwenye sahani yake akakiweka kwenye yangu, akasema, "Tungejua, na mama tungempa." Kisha akatoka kwenda kukagua kahawa ambayo alikuwa ametoka kuikagua.

Leo daktari amesoma karatasi ya majibu akatabasamu. Albumini imepanda, iko panapotakiwa, na mkono umeunga vizuri. Amenionya kwamba bado naweza kuanguka na kuvunjika, kwa hiyo nile, nitembee, na nitazame ninapokanyaga. Nimekubali yote. Nilipotoka nje nilikaa kwenye ngazi nikalia, mwili mzima umekuwa mwepesi.

Sasa hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mjukuu wako mkubwa ameoa, tunaishi nao hapa, na mke wake ananyonyesha. Tulipofika nyumbani tukakuta binti huyo amechinja kuku kwa furaha ya majibu yangu. Akanipakulia paja, akawapakulia wanaume, akarudi zake jikoni. Nikamfuata ili aje tule wote. Nikamkuta amekaa kwenye kigoda, mtoto mgongoni, anakunywa mchuzi mtupu. Nikamuuliza nyama yake iko wapi.

"Mimi huku nimetosheka, mama," akasema. "Si wewe uliyenifundisha?"

Ana miaka minne nyumbani kwangu. Hata miezi hii yote niliyokuwa nikila mayai kwa amri ya daktari, sikuwahi kutazama bakuli lake.

Nikaenda kuchukua sahani yangu nikamkabidhi. Akachungulia mlangoni, akauliza kama kuna mgeni aliyekataa kula. Nikamwambia hakuna mgeni, ni yako. Alisitasita kidogo, mama, kisha akala mpaka mfupa ukabaki mweupe.

Pumzika. Huku tunakula.

Mimi mkwe wako,
mama wa wajukuu zako.