Mfuniko Chini ya Rangi ya Kijani

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote hapa nyumbani. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe, Shemeji na wapwa zangu wadogo, na lile goti lako liwe limepunguza makelele. Sisi hatujambo, ila mimi nina mvi za vumbi kichwa kizima, na Mama amenuna tangu juzi kwa sababu nguo alizoanika zinatoka kambani kama zimepakwa unga. Usicheke kwanza. Soma hadi mwisho.

Barua yako ya mwezi uliopita ilituchoma. Umetuambia kliniki imekuchagua uwe mkunga wa kuwazungukia wajawazito majumbani, kazi uliyoililia tangu unasoma. Halafu, bila haya, ukaandika kwamba utaikataa, kwa kuwa anayepewa kazi hiyo anapewa na gari aliendeshe mwenyewe, na mikono yako si ya usukani. Maneno hayo si yako, Dada. Ni ya Baba, na nilikuwepo alipoyasema, siku ile gari lake lilipogonga nguzo ya geti. Umesema wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi, ndiyo maana naandika haraka haraka na vidole bado vinanuka dawa ya kubandulia rangi.

Nianze na gari. Baba amenipa lile gari lake la zamani, Kikohozi, akasema nilitengeneze au nilizike, kwake ni sawa. Nikalikokota hadi kwa fundi wa bodi. Bwana yule alilizunguka na sumaku mkononi, anaibandika hapa, anaibandika pale. Mlangoni ikang'ang'ania. Ubavu wa nyuma, karibu na buti, ikaanguka chini puu. Akaniambia pale hapana bati, pale ni puti tupu, ule ujiuji mgumu wa kuzibia mabonde ya gari, na yeye hapaki rangi juu ya dhambi za watu asiowajua. Nikalivue gari rangi yote nyumbani mpaka bati lionekane, ndipo nirudi tuzungumze.

Basi na mimi nikajifanya fundi. Unapaka dawa kwa brashi kuukuu, unasubiri rangi ivimbe na kujikunja, kisha unaikwangua kwa kisu cha puti, halafu msasa, halafu msasa tena, mpaka mabega yanakuuliza umewakosea nini. Siku ya kwanza sikuvaa glovu. Tone moja likanidondokea mkononi, nikacheza ngoma nisiyoijua mpaka bombani, na Baba kule barazani akacheka hadi akavua miwani.

Alikuwa amehamishia kiti chake pale barazani, akitoa amri. Nisikwangue kama nasugua sufuria. Nifuate mkunjo wa bati. Lakini kila nilipousogelea ule ubavu wa nyuma, alinipatia kazi nyingine: kwanza boneti, kwanza mlango, kwanza nikamletee maji. Mwisho akasema ule ubavu niuache tu, puti yake bado nzima. Nikajisemea ni uzee.

Jumamosi mchana usingizi ukampitia kitini. Nikauvamia ule ubavu. Ikatoka bluu, ile iliyopakwa baada ya ajali yako. Chini yake puti nyembamba kama jalada la daftari. Chini yake ile kijani unayoikumbuka, rangi iliyokuwepo siku ya ajali, imepasukapasuka. Nikasema alhamdulillahi, sasa nafika kwenye bati. Thubutu! Chini ya kijani kulikuwa na puti nyingine, nene vidole viwili, nikawa naigonga kwa patasi inatoka mapande mapande. Na ndani yake, Dada, kitu cha mviringo kinachong'aa, kimekazwa kwa skrubu nne.

Nilimwita Mama. Aliinama, akapapasa tundu lililokuwa katikati, mahali pa kishikio, akapiga ukelele uliomwamsha Baba na nusu ya mtaa. Ulikuwa mfuniko wa sufuria yake kubwa! Ule uliopotea ukamfanya amnunie jirani miaka yote hii. Alitaka aende kumwomba radhi saa ileile, na kisu cha puti mkononi, nikamzuia kwanza akiweke chini.

Lakini mimi akili yangu haikuwa kwenye sufuria. Puti ile nene ilikuwa chini ya kijani. Maana yake gari lilikuwa limeshabomoka na kuzibwa kabla wewe hujalishika. Nikamgeukia Baba. Akatazama mfuniko, akamtazama Mama, akaona hana pa kutokea.

Akasema yote. Mwaka mmoja kabla ya ajali yako alirudi nyuma na Kikohozi akagonga kisiki kazini. Yeye, dereva wa basi la shule, aliyejisifu miaka ishirini bila mkwaruzo! Akaona aibu kumwendea fundi yeyote, akajifungia nyuma ya stoo na mfuniko wa mkewe. Kwa hiyo gari lilipoteremka lenyewe kinyumenyume hadi kwenye nguzo ya geti, lile pigo lilikuwa dogo tu; kilichopasuka kwa kishindo ni puti yake. Akaogopa watu watainama watazame. Akakufokea wewe, kwa sauti ile, kwamba mikono yako si ya usukani, ili macho yote yakutazame wewe na yasitazame gari, kisha akalifunika turubai. Alisema hivyo hivyo, bila kujitetea. Mama alikuwa amecheka mpaka akakaa chini. Hapo akainuka akaingia ndani, na hajampikia kwa moyo mpaka leo.

Sasa ni zamu yangu, na nimeizungukia barua nzima kama Baba alivyonizungusha mimi. Siku ile ulimwambia Baba kwamba unakumbuka kuvuta breki ya mkono kabla hujaingia ndani. Ulisema hivyo mara tatu. Jioni, baada ya kusemwa na kila mtu, ukasema labda ulisahau. Tangu hapo hukushika usukani tena.

Hukusahau, Dada. Uliivuta. Ulipoingia ndani mimi nilipanda kwenye gari nicheze udereva. Nilikuwa na miaka tisa. Nikabonyeza kile kitufe nikaishusha breki, gari likaanza kwenda, nikaruka nje nikajificha jikoni nyuma ya mlango. Nilisikia kila neno ulilotukanwa. Kila mwaka nilisema mwaka huu nitakwambia, na kila mwaka nikaogopa zaidi, kwa sababu ya ule mwaka mwingine niliokwisha kuuficha.

Nimemwambia Baba na Mama jana, mbele ya gari. Nililia kama mtoto, na sasa najisikia mwepesi, nimelala kama gogo, nakula sana. Unikasirikie unavyotaka, nitakuja unipige makofi mbele ya watoto. Ila ukishaisoma barua hii, kesho yake asubuhi nenda kliniki uwaambie unaikubali kazi.

Mama anakusalimu sana, anauliza kama wajawazito wa huko utakaowaendea wana barabara nzuri. Msalimie Shemeji, na watoto wabusu kwa ajili yangu. Baba alitaka kuandika mwenyewe, akachana karatasi mbili, akanituma niandike kwamba anakuomba msamaha. Nimemwuliza mara mbili kama niandike neno hilohilo. Amesema hilohilo.

Ni mimi mdogo wako,
niliyeishusha breki.