Njia ya Mama Kulwa

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imenifikia hapa Kigongo, marahaba. Bibi yako goti limepoa, na shangazi yako amejifungua salama.

Unauliza kama umshtaki jirani anayekatiza kiwanja chako. Mimi nilishtaki. Wanunuzi wa sangara walipoanza kuja, ardhi ya ufukweni ikawa mali, nami nikapanda ua wa minyaa kuziba njia ambayo jirani yetu, Mama Kulwa, aliipita kwenda ziwani. Mahakama ya mwanzo ikanipa haki. Tangu hapo akawa anazunguka na ndoo yake kichwani, na akinikuta alinisalimia vilevile.

Alipofariki, makaburi ya kwao yalikuwa upande wa pili wa shamba langu. Asubuhi nilichukua panga nikafyeka minyaa, upana wa kutosha jeneza na wabebaji, nikasimama pembeni kofia mkononi. Pengo waliliona. Mwanawe Kulwa akasema taratibu, "Mama alikatazwa hapa." Wakazunguka.

Kiwanja ni chako, Neema, sikuamulii. Ile minyaa niliing'oa yote, lakini mpaka leo njia ile naipita peke yangu.

Babu yako