Vipimo vya Sare Nyeupe

Nyumba za Wauguzi,
Chumba Na. 6.
14 Machi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Hali yako? Mgongo umepoa, au bado unakuuma ukikaa sana kwenye cherehani? Niambie ukweli, maana nakujua, ukiulizwa hukimbilia "sijambo" hata ukiwa kitandani. Shemeji na wanangu hawajambo? Mimi mwili una nguvu, tena kupita kiasi, kama utakavyoona hapo chini.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita. Uliniomba vipimo unishonee sare mpya, nami nikajifanya sina utepe wa kupimia. Utepe ninao. Uliniachia wewe mwenyewe.

Vile vya mwaka jana vilikuwa vya uongo, Dada. Niliona haya nikakuandikia vya zamani, ukashona kwa ustadi wako wote, sare ikagoma kufunga. Naivaa kwa pini mbili na sweta juu yake, hata jua likiwaka. Na kila Ijumaa nasimama mbele ya wagonjwa wa sukari na presha kuwafundisha kupunguza mafuta mwilini! Majuzi bibi mmoja alinitazama juu hadi chini akasema, "Sista, kumbe mafuta tunayopunguza sisi unayakusanya wewe?" Chumba kizima kiliangua kicheko. Nilicheka nao, kisha nikajifungia stoo ya mashuka na pakiti nzima ya biskuti.

Ndivyo nilivyo siku hizi. Sili kwa njaa. Mgonjwa akinifia nakula, daktari akinifokea nakula. Orodha ya chakula cha wodi huandikwa asubuhi, kwa hiyo sahani za walioruhusiwa kwenda nyumbani hubaki kabatini, nami nimejifanya mrithi wao. Wenzangu nao wana vijisiri vyao. Tunafunika kwa utani, tunasema kazi inatunenepesha.

Sasa sikia lililoninyima raha. Jumanne alifariki mama kijana niliyemuuguza wiki tatu. Nilimfunika shuka, nikanawa mikono, nikaenda moja kwa moja kabatini. Sahani ya kitanda namba tisa ilikuwepo, na kitanda kilikuwa kitupu. Nikajiambia mzee wa pale ameruhusiwa. Sikufungua faili. Nililamba hadi mchuzi.

Kumbe mzee alipelekwa kupigwa picha ya kifua, na mwenzangu alikuwa ameshamchoma sindano ya kushusha sukari, akijua anarudi kula. Alirudi kwenye kiti cha magurudumu, hakukuta chakula, na punde akaanza kutetemeka, jasho linamtiririka, maneno hayatoki. Nilimtundikia dripu ya glukosi haraka. Alipozinduka alinishika mkono akasema, "Mwanangu, umeniokoa." Heri angenizaba kofi.

Lawama ilimwangukia mama wa jikoni, yule anayetugawia chakula, kwamba alimsahau mzee. Amepewa barua ya onyo. Aliapa mbele ya wodi nzima kuwa sahani aliiweka kwa mkono wake, hakuna aliyemwamini. Alilia, na mimi nikamfariji. Hebu fikiria, nikamfariji! Naona aibu, Dada. Hata kioo cha bafuni nimekigeuza ukutani.

Kesho asubuhi naingia kwa muuguzi mkuu kusema yote. Barua hii nitaiposti njiani, kabla sijafika mlangoni kwake, ili nikitaka kurudi nyuma nikumbuke kuwa wewe unajua. Sijui atanifanyaje. Akinifukuza, kile kitambaa cheupe ulichotaka kunishonea sare mshonee Mama gauni.

Nisalimie Mama, ila habari hizi umsomee ukiwa umekaa karibu naye. Msalimie Shemeji, na uwabusu wote wanaoniita mama mdogo. Mungu aushike mgongo wako na riziki ya mikono yako.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, hata nikiwa sistahili,

Kibonge wako.

Kifua inchi 46. Kiuno inchi 44. Nyonga inchi 50. Nimepima mara mbili. Usinipunguzie hata nusu inchi.