Bodi Ikigongwa Mara Mbili

Jumatatu, 9 Juni

Nimeamka saa kumi na moja, nikavaa shati la kazi, nikapapasa funguo za basi. Hakuna. Nikakumbuka kwamba wiki hii mimi ni mwanafunzi. Chai nikanywa nimesimama hivyo hivyo. Mwili haujapewa taarifa ya semina.

Ukumbi wa kukodi, juu ya mawe, hapa Mwanza upande wa Mkuyuni. Dirisha linaonyesha ziwa lote. Kosa la kwanza la waandaaji. Madereva ishirini shingo zimegeukia maji, mwalimu anafundisha masikio tu.

Mada: usalama, na kutatua migogoro na abiria. Wenzangu wameletwa na ratiba. Mimi nimeletwa na kesi. Niiandike mara moja nipumzike.

Mwanzoni mwa mwezi uliopita, safari ya Nansio, kisiwani. Kwenye kivuko abiria wote hushuka. Basi linaingia tupu, wao wanaingia kwa miguu, ng'ambo tunawapakia tena. Mama mmoja mtu mzima, Mama Tabitha, akagoma kushuka. Miguu inamuuma. Nikamshusha kwa maneno. Akasema, basi zima linasikia, "Mwanangu, ng'ombe wa mnadani wanashushwa kwa adabu kuliko hivi." Watu walicheka mpaka tukavuka. Ng'ambo niliondoka bila yeye. Mzigo wake na simu yake vimo ndani ya basi. Alikuwa anakwenda kumzika kaka yake. Alipofika, walikuwa wameshazika.

Nilimwambia tajiri, mwenye basi, kwamba konda wangu Masanja aligonga bodi. Bodi ikigongwa mara mbili maana yake watu wote wamepanda, dereva ondoka. Masanja amesimamishwa. Ijumaa tajiri anakuja kufunga semina na kuchukua maelezo yangu kwa maandishi. Nikisaini, Masanja hana kazi tena. Nisiposaini, sina mimi.

Jumanne, 10 Juni

Mwalimu ni mama aliyekuwa askari wa barabarani. Aliwahi kuniandikia kosa pale Magu. Yeye hanikumbuki. Mimi namkumbuka vizuri sana.

Leo: hasira inaanzia wapi mwilini. Kila mtu aonyeshe. Wengi kifuani, mmoja kichwani kwa sababu anasoma magazeti. Mzee Lameck, dereva wa njia ya Magu, akaonyesha mguu wa kulia, ule unaokanyaga mafuta. Ndiye peke yake aliyesema kweli.

Kisha tufumbe macho dakika tano, tupumue taratibu. Madereva ishirini wakalala papo hapo. Na mimi nikazama. Basi langu linapita juu ya ziwa, magurudumu hayalowi. Magugu maji yanapisha pembeni, yana nidhamu kuliko bodaboda. Kimya kizuri. Kwenye kioo cha pembeni, kitenge cha bluu. Hakinikaribii, hakiachwi. Nikaongeza mwendo, kikabaki palepale. Nikazinduka na mate shavuni, mwalimu ananitazama.

Bodi haikugongwa.

Basi, nimeandika. Nilimwona Mama Tabitha kwenye kioo, na kitenge chake cha bluu. Anatoka kwenye kivuko wa mwisho, jua nyuma yake limejaa ziwani, anaonekana kama anatembea juu ya maji. Alinipungia mkono. Nikaweka gia. Nilitaka ahangaike kidogo. Habari za msiba sikuzijua. Lakini mkono ule niliuona.

Jumatano, 11 Juni

Darasani sikusikia kitu. Ziwa lilikuwa jeupe, halina mpaka na mbingu.

Jioni Masanja alikuja nyumbani na sato wawili. Mtu asiye na kazi ananiletea samaki. Akakaa, akanywa maji, akasema, "Kaka, nimefikiri sana. Nadhani ni kweli niligonga. Mwanzo nilikataa, lakini sasa mkono wenyewe naukumbuka." Akakifungua kiganja akakitazama kama kimeandikwa kitu.

Nikasema, karibu chai.

Darasa la saba nimeishia hapo, mengine nimejisomea kwenye magazeti ya kufungia maandazi. Sijawahi kusoma popote kwamba mtu anaweza kuingizwa kumbukumbu isiyo yake na ikamkaa sawasawa kama shati la fundi. Ameanza kujilaumu. Amesema akipata namba ya yule mama atamwomba radhi.

Samaki sikula. Nilisema tumbo.

Alhamisi, 12 Juni

Maigizo. Viti vikapangwa kama basi, katikati njia. Mwalimu akagawa kazi. Mzee Lameck dereva. Mimi abiria mkorofi. Sijui kama mwalimu anaijua kesi yangu. Uso wake ni wa askari, hausomeki.

Nikagoma kushuka. "Mama, shuka, kivuko hakisubiri malkia," akasema Mzee Lameck. Mwalimu akakohoa. Mzee akachukua karatasi akasoma kwa sauti ya risala: "Naelewa, mama yangu, kwamba miguu inakuuma. Tunaweza kufanya mambo mawili." Nikashuka. Semina imefaulu.

Ila wale wazee wakanogewa. Walioigiza abiria wakabeba viti vyao, wakatembea navyo mpaka mlangoni wakinguruma kama injini. Watu wazima, wenye wajukuu. Nikabaki peke yangu katikati ya ukumbi. Upepo wa ziwa unaingia, mapazia yanapanda na kushuka. Sikujua sakafu ile ni ndefu hivyo. Nikanyanyua mkono. Hakuna aliyeniambia ninyanyue mkono.

"Mama, unajisikiaje?" mwalimu akaniuliza.

"Nimeachwa."

"Dereva alikuona?"

Jibu la kuigiza lilikuwa sijui. Nikasema, "Aliniona."

Mzee Lameck akadakia kutoka mlangoni, "Mwalimu, mimi nilisikia bodi inagongwa. Muulizeni konda." Ukumbi mzima ukacheka. Walicheka kama watu wanaomjua ndugu yao. Kumbe ule uongo hata si wangu. Tunautumia wote, kama choo cha stendi.

Nilikwenda kusimama dirishani. Ningeweza kubaki pale mpaka maji yakauke.

Ijumaa, 13 Juni

Tajiri alifika na suti na karatasi iliyokwisha kuchapwa. Sehemu ya saini imewekewa alama, nisipotee. Niliigeuza nikaandika nyuma kwa mkono wangu: Nilimwona abiria. Bodi haikugongwa. Nikasaini hapo.

Akasoma. Akasoma tena. "Ndiyo wamekufundisha hivi humu?"

Nikasema hapana, tumefundishwa kupumua.

Hakucheka. Miaka kumi na mmoja naendesha basi lake. Alisema Masanja arudi kesho, mimi nisikanyage ofisini. Kisha akapanda mbele akatugawia vyeti, tukapeana mkono kwa ajili ya picha. Nina cheti cha kutatua migogoro. Sina basi.

Nilimpigia Masanja nikamweleza yote bila kupumzika.

"Kwa hiyo huu mkono haukufanya kitu," akasema.

Nikasema haukufanya kitu.

Akakata.

Jumapili, 15 Juni

Nimekwenda Nansio. Siti ya dirishani. Sikujua kwamba barabara ile ina miti mingi hivyo upande wa kushoto. Masanja alichukua nauli yangu, akanipa tiketi, hakunisalimia. Ni haki yake.

Kwa Mama Tabitha unapita mji, unauliza mara tatu. Nilimkuta uani anaanika mihogo. Nikamwamkia. Marahaba ilichelewa kuja. Nikasema niliyokuja kusema. Njia nzima niliyapanga yakawa mengi, mdomoni yakatoka machache: nilikuona, nikaondoka makusudi. Hakuniuliza kwa nini. Alimaliza kuanika, akajifuta mikono, akaniongoza nyuma ya nyumba.

Kaburi la kaka yake, udongo bado mwekundu. Mvua za mwisho zimeotesha magugu.

Hakusema amenisamehe. Alinipa jembe, akanionyesha pa kuanzia.

Nililima. Yeye alikaa kwenye kigoda akang'oa kwa vidole yale yaliyo karibu na msalaba, ambayo jembe lingeharibu. Upepo mdogo kutoka ziwani. Mahali fulani mtu anatwanga. Saa nane basi la kurudi Mwanza lilipiga honi barabarani, likapiga tena. Akainua kichwa akanitazama.

Ilibaki sehemu ya miguuni. Nikaendelea.