Mama Mkwe, Kitanda Namba Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Zamu ya asubuhi. Mahututi wanne, wauguzi wawili: mimi na Sista Neema. Kitanda namba tatu ni mama mkwe wangu, kaletwa kutoka kijijini Sapiwi akiwa na nimonia. Yuko kwenye mashine ya kupumulia, analishwa kwa mpira wa puani. Anamhudumia Neema. Kwetu Wasukuma mkwe wa kiume hata mkono hampi mama mkwe. Mpango huu umenifaa.

Jumanne, 4 Machi
Anaharisha tangu jana jioni. Mara tano kabla ya saa sita mchana. Na Neema anaumwa malaria, hakuja. Nilisimama nje ya pazia dakika nzima. Kisha nikavaa glovu, nikamwita mhudumu tumgeuze. Nimemsafisha mwenyewe. Sikumtazama usoni. Aibu imenikaba hadi sasa.

Jumatano, 5 Machi
Mara saba. Presha inashuka, dripu zinapishana. Makalio yameanza kuwa mekundu. Napaka zinki, nageuza kila saa mbili. Maabara hawajaona kitu kwenye choo. Daktari Halima anataka kusitisha chakula. Naogopa. Mama huyu hana mwili wa kufungishwa njaa.

Nimekaa na faili. Kuhara kulianza siku ileile alipoanzishiwa dawa ya maji ya kushusha homa, ile tamu, kwa mpira. Nikampelekea daktari. Akasoma mara mbili.
"Utamu wake unaharisha, kweli. Tuifute. Apewe ya dripu. Chakula kiendelee, polepole."

Ijumaa, 7 Machi
Mara mbili tu! Ngozi haijachubuka. Neema karudi, nikamwambia namba tatu niachie.
Nimemweleza mke wangu, Kabula, nani anamwosha mama yake.
"Mama akijua atakufa kwa aibu."
"Afadhali afe kwa aibu akiwa na miaka tisini."
Akacheka huku analia.

Jumapili, 9 Machi
Mashine imetolewa. Anapumua mwenyewe. Choo kigumu, mara moja. Nimekwenda stoo nikacheka peke yangu.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeingia na beseni. Yuko macho. Akageuzia uso ukutani, nami nikatazama dirishani.
"Mwangaluka, baba." Ananiamkia kwa Kisukuma, sauti inakwaruza.
"Mwangaluka, mayu," nikamwitikia mama.
Akalitupia jicho beseni.
"Siku zile maji yalikuwa baridi."
Nikaenda kuongeza ya moto.